Kadi Iliyovishwa Jina

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tumeitungia insha, na baadhi yetu sasa tunawafundisha wengine maana yake ya nje na ya ndani. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kutembea katika Barabara ya Luthuli jijini Nairobi akitafuta kifaa cha elektroniki kilichokwisha kutumika atakubaliana nami kwamba huko methali hiyo hukumbana na mtihani mgumu. Katika soko la mtumba wa kompyuta, kibaya hakijitembezi. Hukaa kimetulia nyuma ya kioo, kimepanguswa vumbi na kubandikwa jina jipya, nacho hujiuza sawasawa na kizuri. Mnunuzi asiye na maswali huondoka na mbuzi kwenye gunia. Makala haya ni masimulizi ya kadi moja ya grafiki niliyoitafuta sokoni humo, na ya maneno yaliyonisaidia kuipata.

Yamkini msomaji atajiuliza: mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili ana haja gani na kadi ya grafiki? Je, kifaa hicho si cha vijana wanaokesha wakicheza michezo ya kompyuta? Naam, ni chao, na mimi ni mmoja wao kila nafasi inapopatikana. Lakini safari hii nilikuwa na sababu ya ziada. Mnamo Aprili 2024 ulitolewa mchezo uitwao Tales of Kenzera: ZAU, kazi ya Surgent Studios, kampuni iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Salim aliubuni mchezo huo kutokana na majonzi ya kufiwa na babake. Mhusika mkuu, Zau, ni mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba yake. Ulimwengu wa mchezo huo umejengwa kwa visasili vya jamii za Wabantu. Aidha, mchezaji anaweza kuchagua kuwasikia wahusika wakizungumza Kiswahili.

Kwetu sisi tunaosoma fasihi simulizi, hilo si jambo dogo. Mara ngapi tumeketi semina tukiulizana masimulizi yatahamia wapi, maadam jioni za kuota moto na kumsikiliza bibi zimeadimika? Hapa palikuwa na jibu moja miongoni mwa mengi, nami nilitaka kulisikia kwa masikio yangu. Kizuizi kilikuwa kompyuta yangu. Picha zilikatikakatika, sauti ikaitangulia midomo, kisha kila kitu kikaganda.

(Wanafunzi wangu wa vipindi vya jioni wangetaka niandike tarakilishi. Katika makala haya nitasema kompyuta, kwa sababu itakayobainika baadaye.)

Kompyuta yenyewe ni Dell ya mezani, iliyotumikia ofisi fulani Uingereza kabla ya kuletwa nchini kama mtumba. Iliundwa kwa ajili ya kuandika barua na kupiga hesabu za mishahara. Haikuwa na kadi ya grafiki. Kichakataji kikuu kilibebeshwa pia kazi ya kuchora picha. Tofauti ya viwili hivi ni rahisi kuielewa. Kichakataji kikuu ni mfano wa profesa mmoja mahiri anayeweza kutatua fumbo lolote, ila moja baada ya jingine. Kadi ya grafiki ni harambee. Ina mamia au maelfu ya vichakataji vidogo, kila kimoja kikifanya hesabu nyepesi, vyote kwa wakati mmoja. Skrini ya kawaida yenye upana wa nukta 1,920 na kimo cha nukta 1,080 ina nukta zaidi ya milioni 2, na ili picha ionekane hai, nukta hizo hazina budi kuchorwa upya hata mara 60 kwa kila sekunde. Profesa peke yake hawezi. Panahitajika kijiji kizima.

Pesa nilizokuwa nazo zilikuwa Sh 12,000, nilizozidunduliza kutokana na kufundisha vipindi vya jioni. Ndizo pia nilizokuwa nimezitenga kwa uchapishaji na ujalidi wa tasnifu. Nilikuwa na miezi minne ya kuzirudisha mahali pake iwapo kadi ingekuwa nzima. Nikitapeliwa, ningekosa kadi na nikose jalada. Kadi mpya madukani haikuwa ya kufikiriwa kwa kiasi hicho, hivyo mtumba haukuwa chaguo bali njia pekee.

Kabla ya kwenda mjini nilikaa chini na kujiuliza maswali matatu. La kwanza lilihusu umeme. Sloti ya kuchomekea kadi ndani ya kompyuta hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo huunganishwa moja kwa moja na pawasaplai kwa waya wa pini 6 unaoongeza wati 75, au wa pini 8 unaoongeza wati 150. Pawasaplai ya kompyuta yangu ni ya wati 290 na haina waya wowote wa aina hiyo. Kwa hivyo kadi ambazo vijana wengi huzisifu, kama vile RX 580 yenye kiu ya wati 185, zilitoka kwenye orodha yangu hata kabla sijaziona.

Swali la pili lilihusu umri. Kadi bila programu endeshi ni kama mwili bila roho, na watengenezaji huacha kuzihudumia kadi zao zinapozeeka. Nvidia ilitangaza mwaka 2025 kwamba kadi za vizazi vya Maxwell na Pascal, GTX 1050 Ti na GTX 1060 zikiwemo, hazitapata tena maboresho ya kawaida ya michezo baada ya Oktoba mwaka huo, isipokuwa marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kizazi kilichofuata, yaani Turing, hakikuguswa na tangazo hilo.

Swali la tatu lilihusu historia ya kadi. Hadi tarehe 15 Septemba 2022, sarafu ya kidijitali iitwayo Ethereum ilichimbwa kwa kutumia kadi za grafiki. Kadi nyingi ziliwashwa usiku na mchana, miezi nenda miezi rudi, zikipiga hesabu. Siku hiyo mfumo wa sarafu ulibadilishwa, migodi ikanyamaza, na kadi zake zikamiminika katika masoko ya mtumba kote duniani. Si kwamba kila kadi ya mgodini ni mbovu, la hasha. Wachimbaji wengine walizipunguzia umeme ili zisichemke. Ila feni iliyozunguka bila kupumzika miaka 2 haiwezi kufanana na feni ya mtu acheze mwishoni mwa wiki. Sasa, jalada la data lililohitajika kwa uchimbaji huo lilikuwa likikua daima, na mwishoni mwa mwaka 2020 lilipita gigabaiti 4. Tangu hapo kadi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 haikumfaa tena mchimbaji wa Ethereum. Udhaifu huo ukawa kinga yake.

Majibu ya maswali yote matatu yalielekeza mahali pamoja: GTX 1650. Ilitolewa Aprili 2019, ni ya kizazi cha Turing, ina vichakataji vidogo 896 na kumbukumbu ya gigabaiti 4, na zipo aina zake zinazotosheka na wati 75 za sloti bila waya wa ziada. Si kadi ya kujivunia mbele ya wachezaji shupavu. Lakini mwenye nguo fupi hujifunika kwa kujikunja.

Duka la kwanza nililoingia halikuwa nayo. Muuzaji, kijana mchangamfu, alinitolea nyingine kutoka chini ya meza.

"Hii ni 1050 Ti, jigi nne. Elfu nane tu, bosi."

Niliigeuza. Pembeni mwake palikuwa na tundu la buluu la VGA, lile la skrini za zamani.

"Mbona ina VGA?" nikamuuliza.

"Hiyo wameongezea, bosi. Ndiyo nzuri zaidi."

Nilimwomba aichomeke tuione ikifanya kazi. Akasema mashine ya kujaribia imeharibika, ila niichukue tu, isipofanya kazi nirudi. Nilimshukuru nikatoka. Jamii ya kadi ambayo 1050 Ti imo haitoi kabisa mawimbi ya aina ile ambayo tundu la VGA huyahitaji; tundu hilo likionekana, mnunuzi ana kila sababu ya kutia shaka. Kadi bandia za jina hilo zimeuzwa katika nchi nyingi. Aghalabu huwa ni kadi za miaka ya 2010 na 2011, kama vile GTS 450 na GTX 550 Ti, ambazo programu yao ya ndani imeandikwa upya ili kompyuta iziite kwa jina la kadi bora. Ukiichomeka, kompyuta yenyewe hudanganyika na kukuonyesha jina la uongo.

Mwenzangu mmoja darasani alikuwa ameniambia kuhusu fundi aliye ghorofani, katika jengo ambalo kila chumba kimegawanywa kwa vioo hadi kikawa vibanda sita. Ni mtu wa makamo, aliyeanza kazi kwa kutengeneza redio za kaseti. Nilimwamkua, nikamweleza nilichokiona dukani.

"Hiyo imevishwa jina, kijana," akasema bila kuinua macho kutoka kwa chuma chake cha kulehemu. "Jina la huyu, mwili wa yule."

Nilitoa daftari. Aliniuliza ninaandika nini, nikamwambia ninasomea Kiswahili na kwamba neno hilo limenipendeza. Alicheka, na kuanzia hapo akawa ananiita mwalimu. Alikuwa na GTX 1650 mbili. Alianza kunieleza habari zake kwa lugha ambayo sikuwahi kuiona katika orodha yoyote ya istilahi. Kadi iliyotumika kuchimba sarafu ni ya mgodini. Feni yake ikisuasua na kutoa sauti ya kukwaruza, inakohoa. Kumbukumbu yake ikiwa imeharibika, skrini ikajaa madoa na mistari ya rangi zisizotarajiwa, kadi inatema rangi. Ikipata joto kisha joto likatulia mahali pamoja pasipo kuendelea kupanda, kadi inapumua. Na ile ambayo viungo vyake vya risasi vimepasuka, ikatiwa katika joto kali ili risasi iyeyuke na kushikana tena, imeokwa.

"Iliyookwa inaweza kufanya kazi leo na kesho," akasema. "Kesho kutwa inakufa, na aliyekuuzia amehama."

"Nitaijuaje, fundi?"

"Angalia plastiki yake kama imejikunja. Angalia vibandiko kama vimekauka. Halafu inuse. Kitu kilichoungua hakisahau."

Tulizikagua zote mbili. Skrubu za ya kwanza zilikuwa na mikwaruzo, dalili kwamba iliwahi kufunguliwa. Mwenyewe alisema aliifungua ili kubadilisha mafuta ya kupitisha joto, na akanionyesha kichupa chake. Ya pili haikuwa imeguswa. Aliichomeka katika kompyuta iliyokaa wazi mezani, matumbo nje, akafungua programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z. Programu hiyo haisomi jina tu. Huhesabu vichakataji na kutambua kiini chenyewe, na tangu mwaka 2018 huweza kutanguliza neno la kuonya mbele ya jina la kadi inayoishuku kuwa bandia. Tulisoma pamoja: vichakataji 896, kumbukumbu gigabaiti 4, kiini cha Turing. Kisha akafungua FurMark, inayoilazimisha kadi kuchora pete yenye manyoya ikizunguka bila kukoma. Tulianza na nyuzi joto 38. Baada ya dakika 10 zikawa 66, baada ya 20 zikawa 71, na hapo zikatulia. Feni haikukohoa. Pete ilizunguka, rangi haikutemwa.

"Inapumua," nikasema.

"Umeshahitimu, mwalimu," akajibu.

Alitaka Sh 13,500. Nilimweleza hali ya tasnifu yangu. Akaniambia biashara haigombi, tukapanda na kushuka hadi tukakutana kwa Sh 11,500. Kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa niliomba risiti yenye nambari ya kadi na masharti ya kurudisha. Alinisukumia kitabu chake cha risiti.

"Andika mwenyewe. Si wewe ndiye mwenye Kiswahili?"

Niliandika: kadi hii ikitema rangi au ikizima yenyewe katika siku 14, fundi ataipokea na kurudisha pesa. Aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Kisha akachukua kalamu akaongeza kwa mkono wake: mradi skrubu zake hazijafunguliwa. Sote wawili tukatia sahihi.

Nimeifikiria karatasi hiyo mara nyingi. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini pamoja na Kiingereza, nasi katika makongamano yetu hulirejelea tukio hilo kwa fahari. Lakini je, urasmi wa lugha ni nini kwa mtu mwenye Sh 12,000 mfukoni? Kwangu ulikuwa sentensi ambayo mimi na muuzaji tuliielewa kwa namna moja, yenye uzito wa kurudishiwa pesa. Neno kutema rangi ndilo lililobeba mapatano yote. Lingekuwa la kubahatisha, mapatano yangekuwa ya kubahatisha vilevile.

Tuyatazame maneno hayo kwa jicho la kitaaluma. Sokoni, kifaa bandia huitwa feki, na neno hilo linatosha kwa kumtahadharisha mtu. Hata hivyo, feki husema tu kwamba kitu si cha kweli. Imevishwa jina husema zaidi. Kitenzi vaa kimenyambuliwa kuwa visha, kauli ya kusababisha, kisha vishwa, kauli ya kutendwa. Mofimu hizo mbili zinatuarifu kwamba kadi haikujivika. Yupo aliyeivika, hata kama hatajwi. Aidha, neno linaonyesha udanganyifu ulipo: si katika mwili wa kadi bali katika jina inalojiita. Mnunuzi aliyelisikia neno hili mara moja anajua cha kukagua. Ndivyo ilivyo kwa kuokwa na kukohoa. Hakuna hata moja lililokopwa, na hakuna hata moja lililobuniwa na kamati. Yametokana na jiko, mwili na maradhi, mambo anayoyajua kila mtu.

Sisemi hivi kwa kubeza juhudi za wasomi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizosema Kiswahili, na kazi ya namna hiyo isingewezekana bila watu walioketi mezani kubuni na kusanifu istilahi. Tarakilishi na kipakatalishi nazo zina nafasi yake madarasani. Ila kule Luthuli sikulisikia neno tarakilishi hata mara moja, na hiyo ndiyo sababu ya mimi kuandika kompyuta. Istilahi iliyobuniwa mezani huanza maisha ikitafuta watumiaji. Istilahi ya fundi huzaliwa ikiwa tayari na kazi, kwani pasipo hiyo mteja na muuzaji hawaelewani, na wasipoelewana mmoja wao atapoteza pesa. Aghalabu anayepoteza ni mwenye pesa chache.

Ni ombi langu, basi, kwa wanachama wenzangu wa chama hiki. Kila mwaka tunahangaika kutafuta mada za utafiti, na mara nyingi tunarudi kwa riwaya zilezile kumi. Umbali kutoka maktaba hadi kibanda cha fundi ni nauli ya matatu. Wapo mafundi wa simu, wa pikipiki, wa friji na wa sola, na kila kundi limeunda msamiati wake bila kutusubiri. Tukiukusanya, tukaueleza na kuulinganisha, mhadhiri atapata data, mwanakamusi atapata vidahizo, na mama anayemnunulia mwanawe kompyuta ya mtumba atapata maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa. Twende na daftari, na tuwe radhi kusahihishwa.

Siku 14 zilipita kadi ikipumua. Zau alizungumza Kiswahili chumbani mwangu kwa mara ya kwanza bila kukatikakatika, nami nilimsikiliza akimtaka Kalunga amrudishie babake hadi jirani akagonga ukuta. Maelezo ya fasihi hiyo yanahitaji makala yake yenyewe. Tasnifu nayo itajalidiwa. Vipindi vya jioni vingalipo. Daftarini nina maneno 23 ya fundi yule, na ameniambia nirudi mwezi ujao, ana mengine ya pawasaplai.